Ceph juu ya seva za mtumba: miaka miwili ndani ya kiwanda cha uchapaji

Novemba 2023 kiwanda chetu hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, kilikaa siku 9 bila kutoa kalenda hata moja, na Novemba ndiyo mwezi wetu wa mavuno. Karatasi ilikuwepo, wino ulikuwepo, mafundi wa ofseti walikaa kando ya mashine wakisubiri pleti za kuchapia. Kilichokufa ni sanduku la kuhifadhia data. Lilikuwa la bei kubwa, lenye kontrola mbili, yaani bodi zinazoziendesha diski, na tuliambiwa moja ikifa nyingine itapokea. Ya kwanza ikafa Jumatatu. Ya pili ikakataa kupokea kwa sababu zilikuwa na matoleo tofauti ya programu, jambo ambalo aliyefanya matengenezo ya mwisho hakututajia. Diski zote 24 zilikuwa nzima. Faili zetu zilikuwa palepale, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, nisiweze kulifungua hata moja mpaka kontrola mpya ifike kutoka ng'ambo, maana diski zile zilisomeka ndani ya sanduku la aina ileile tu.

Mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mzee, hakunigombeza. Siku ya tano alikuja chumba cha seva, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akatazama zile taa za njano kwa muda, halafu akaniuliza: "Mwanangu, hii mali ni yetu, au ni ya aliyetuuzia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Machi 2024 tuliwasha Ceph, na tangu hapo ndiyo inayobeba kila kitu tunachochapa. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu walio kwenye biashara za ukubwa wetu, watu 60 hivi, ambao wakiomba bei ya sanduku jipya wanaletewa karatasi yenye tarakimu nyingi. Yetu ilisomeka shilingi milioni 148.

Ceph ni programu huria inayochukua diski zilizomo ndani ya seva za kawaida na kuzifanya ghala moja. Ilianza kama utafiti wa uzamivu wa Sage Weil pale Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ikatangazwa kwa wanazuoni mwaka 2006. Kampuni aliyoianzisha baadaye, Inktank, ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2014. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, inaitumia. Kila diski ina mhudumu wake anayeitwa OSD. Juu yao wapo waangalizi, kwa kawaida 3, wanaokubaliana kwa akidi nani yuko hai na nani kaanguka: wawili wakiwepo kikao kinaendelea, akibaki mmoja kila kitu kinasimama ili data isigawanyike pande mbili. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakuna daftari kuu la kuulizia kipande fulani kipo wapi. Kila anayetaka kusoma anapiga hesabu mwenyewe, hesabu inayoitwa CRUSH, na jibu linampeleka moja kwa moja kwenye diski husika. Hakuna mlango mmoja ambao ukifungwa watu wote wanabaki nje. Mlango wa namna hiyo ndio uliotulaza siku 9.

Jina lake limetoka kwa ukoo wa pweza na ngisi, na matoleo yake mengi yana majina ya viumbe hao. Tulianza na Reef, sasa tuko Squid, yaani ngisi. Mimi nimezaliwa kisiwa cha Mafia, nimekua nikimwona pweza aliyekatwa mnyiri akiendelea na maisha yake mpaka mnyiri unaota tena. Waliochagua jina hilo walijua walichokuwa wakikitengeneza.

Tulichonunua ni seva 4 za Dell PowerEdge R730xd, mtumba uliotoka ofisi za Ulaya, kila moja na RAM ya GB 128. Mbele zina nafasi 12 za diski za inchi 3.5. Ndani ya kila seva nilitia diski ngumu 6 za TB 4 kwa ajili ya faili za kurasa, SSD 2 (diski za chipu, zenye kasi zaidi) za TB 1.92 kwa ajili ya mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva, na SSD ya tatu inayobeba kumbukumbu za ndani, yaani orodha ya vilivyomo, za zile diski ngumu 6. Juu ya seva hizo tunaendesha Proxmox VE, programu ya kusimamia mashine pepe, kazi ya Waaustria wa Vienna, ambayo ina Ceph ndani yake na kurasa nzuri za kuisimamia. Seva zilitugharimu milioni 10.4 zote. Diski na SSD, pamoja na za akiba, milioni 14.8. Swichi mbili za MikroTik zenye matundu 16 ya gigabiti 10, milioni 2.8. Kadi za mtandao, kebo na SSD ndogo za kuwashia mfumo, milioni 2.4. Jumla milioni 30.4. Ceph yenyewe haina ada ya leseni. Proxmox unaweza kuitumia bila kulipa. Sisi tunalipia huduma yao ya masasisho, inayohesabiwa kwa soketi za prosesa, nasi tuna 8.

Hiyo jumla haina fedha tuliyoipoteza mwanzoni, nami naitaja ili isimpate mwingine. Nilipofika kwenye SSD niliona bei za zile za seva, nikaona za kompyuta ya mezani kwenye duka moja Kariakoo, nikajiambia SSD ni SSD. Nikanunua 8. Klasta, yaani seva zote nne kwa pamoja, ikawaka vizuri, nikapima kusoma, kasi nzuri. Nikapima kuandika, ikashuka hadi maandishi mia chache kwa sekunde, chini ya uwezo wa lile sanduku la zamani. Sababu yake ni hii: Ceph haikubali kusema "nimehifadhi" mpaka diski ithibitishe kwamba data imetua kweli. SSD ya seva ina kapasita ndogo zinazotunza umeme wa kutosha kumalizia kuandika hata waya ukichomolewa, hivyo inathibitisha papo hapo. Ile ya mezani haina kinga hiyo, kwa hiyo kila mara inalazimika kuandika mpaka ndani kabisa ndipo ijibu. Sasa hizo 8 ziko kwenye kompyuta za mapokezi na uhasibu, zinafanya kazi vizuri kabisa pale zilipotengenezewa kufanya. Unaponunua, uliza neno moja tu: kinga ya umeme kukatika. Muuzaji asipojua unachosema, nenda duka lingine.

Jambo la pili ni kadi ya RAID. Ceph inataka kuziona diski zenyewe, bila mtu wa katikati. Seva nyingi za mtumba zinakuja na kadi inayojipanga mbele ya diski na kuzificha. Agiza zenye HBA330 au kadi nyingine inayopitisha diski kama zilivyo.

Halafu mtandao. Hapa ndipo pesa inapostahili kwenda, na hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Kila kitu unachoandika kinasafiri hadi seva nyingine mbili kabla hujajibiwa, kwa hiyo mtandao ndio mgongo wa ghala lenyewe. Gigabiti 1 isahau. Tulipoweka gigabiti 10, nikaamua kuongeza ukubwa wa vifurushi kutoka 1500 hadi 9000, na katika swichi ya pili nikasahau tundu moja. Dalili zake zilikuwa za kutatanisha mno. Seva zilipigiana ping, ule ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", bila shida. Waangalizi walionana. Lakini baadhi ya vipande vya data vilikaa vikisubiriana, havisomeki wala haviandikiki, na hakuna ujumbe uliotaja mtandao. Saa 10 alfajiri ndipo nilipotuma ping kubwa ya karibu baiti 9000 ikiwa imekatazwa kugawanywa, na seva ya nne ikanyamaza. Tundu moja. Siku hizi kila nikigusa swichi, ping hiyo ndiyo ya kwanza kuituma kabla sijagusa kitu kingine. Saa za seva nazo zitazame: waangalizi wakipishana zaidi ya sekunde 0.05 wanalalamika, na betri ndogo za ndani za seva za mtumba mara nyingi zimekwisha. Nilibadilisha zote nne kwa elfu chache tu.

Sasa nafasi, ambayo watu wengi wanaipigia hesabu vibaya, na niliwahi kumpa Mzee tarakimu isiyo sahihi. Tuna diski ngumu 24 za TB 4, yaani TB 96. Kila kipande kina nakala 3 kwenye seva 3 tofauti, kwa hiyo gawa kwa 3: TB 32. Nikamwambia Mzee tuna 32. Lakini Ceph inaanza kuonya diski ikifika asilimia 85, na diski moja tu ikifika asilimia 95, uandishi katika ghala hilo unasimama, hata kama nyingine zina nafasi. Kwa hiyo 27. Bado si jibu. Jiulize itakuwaje seva moja ikifa. Ceph itataka kurudisha nakala 3 za kila kitu juu ya seva 3 zilizobaki, na hizo zina TB 72 tu. Asilimia 85 ya 72 ni 61. Gawa kwa 3. Tunabaki na TB 20. Kutoka 96 hadi 20, na hiyo ndiyo tarakimu ya kweli ya kupeleka kwa bosi. Iko njia nyingine inayokata data vipande 4 na kuongeza 2 vya kinga, inayokula nafasi kidogo sana, lakini inataka seva zisizopungua 6 ili kila kipande kilale kwake. Kwa seva 4, nakala 3 na uvumilie.

Nilirudi kwa Mzee na hiyo 20 nikiwa nimeichora kwenye karatasi. Aliikunja akaiweka mfukoni. Tangu siku hiyo, TB 18 ikifika tunahamisha kazi za miaka iliyopita kwenye diski za kabatini, hatusubiri onyo.

Oktoba 2025, usiku wa Jumapili, saa 8:14, seva ya tatu ilizimika. Madabodi yake ilikuwa imekufa. Simu ililia nikiwa nyumbani Mbagala, nikaamka, nikasoma, moyo ukaenda mbio kama ule wa 2023. Nikafungua kompyuta. Mashine pepe zilizokuwa juu yake zilikwisha kuwaka kwenye seva nyingine. Ceph ilisubiri dakika 10, kama inavyopangwa tangu mwanzo, ili kuona kama seva itarudi. Haikurudi, ikaanza kutengeneza nakala zilizopungua. Tulikuwa na TB 17 za data wakati huo, na ile seva ilishika karibu TB 13 za nakala. Nilikaa kitandani nikitazama tarakimu za vipande vilivyopungua zikishuka taratibu. Hakuna nilichotakiwa kufanya. Saa 9 na nusu nikalala tena, jambo ambalo kwa miaka 15 ya kazi hii sikuwahi kulifanya nikiwa na seva imezima.

Saa 2 asubuhi mashine ya pleti ilikuwa inatoa kurasa za shajara za benki fulani. Kulikuwa na uzito kidogo wakati wabunifu wanahifadhi faili kubwa, mmoja aliniuliza kama intaneti ina shida. Saa 12:24 jioni nakala zote zilikuwa tatu tatu tena. Alhamisi nilichukua seva tupu niliyokuwa nimeiweka stoo kama akiba, nikahamisha ndani yake diski 6, SSD 3 na zile mbili ndogo za kuwashia, nikarekebisha majina ya kadi za mtandao, nikawasha. Diski zikajitambulisha zote, zikarudi kazini.

Nilimwita Mzee aje aone. Nilimwonyesha ile seva iliyokufa ikiwa wazi mezani na diski zake zikiwa zinafanya kazi kwenye bodi nyingine. Hakusema kitu kuhusu 2023. Aliuliza tu ile bodi inauzwa kiasi gani.

Kuna siku nyingine iliyonifanya nishukuru kwamba ghala liko hapa hapa. Mei 2024, wiki chache tu baada ya kuwasha, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Tulikuwa na vitabu vya shule mezani. Wateja walileta marekebisho kwa flashi, wakaketi mapokezi, kurasa zikafunguliwa kama kawaida. Sisemi kila mtu aache huduma za mbali. Nasema faili la GB 3 linalohitajika sasa hivi na mashine iliyo ng'ambo ya ukuta halina sababu ya kuvuka bahari kwanza.

Kasi ni ya kutosha, si ya ajabu, na hapa msidanganywe na matangazo ya yeyote. Kwenye meza za wabunifu waya bado ni gigabiti 1, kwa hiyo faili la GB 3 huchukua nusu dakika hivi kufunguka, sawa na zamani. Tofauti inaonekana wabunifu 8 wanapofungua kwa pamoja: zamani wote walikwama, sasa kila mmoja anapata haki yake. Kazi inayoandika vitu vidogo vidogo mfululizo, kama hifadhidata ya ankara, itaumia ikikaa kwenye diski ngumu, kwa sababu kila tone linasubiri seva tatu. Niliihamishia kwenye SSD na ripoti ya mwisho wa mwezi ikashuka kutoka dakika 7 hadi 2.

Inakula. Kila OSD inalenga kutumia RAM ya GB 4, nazo ni 8 kwa kila seva, kwa hiyo GB 32 zimekwenda kabla sijawasha mashine pepe hata moja. Seva nne pamoja na swichi zinavuta karibu kilowati moja usiku na mchana, ambayo ni zaidi ya yuniti 700 kwa mwezi, bado hujahesabu kiyoyozi. Mwombe mhasibu aiandike hiyo mapema, isimshtue. Ile SSD ya kumbukumbu za ndani nayo ina gharama yake: ikifa, diski ngumu zote 6 zinazoitegemea zinaanguka nayo. Nimelikubali hilo kwa sababu Ceph inalichukulia kama seva nzima kuzimika, lakini ulijue kabla hujaamua. Na ukitaka kuzima seva kwa matengenezo, weka kwanza bendera ya noout, ama sivyo baada ya dakika 10 itaanza kuhamisha data yako bure.

Nakala 3 si nakala rudufu. Januari mwaka jana kijana mmoja alifuta folda ya kitabu cha hisabati cha darasa la 5, na Ceph ikafuta nakala zote tatu kwa utiifu uleule inaohifadhia. Tuliokolewa na picha za kila saa za hali ya faili (snapshot) nilizokuwa nimewasha kwenye CephFS, sehemu ya Ceph inayotunza mafolda. Niliingia folda iliyofichwa ya .snap, nikairudisha yote kwa dakika nne. Nje ya hapo, kila usiku tunapeleka nakala kwenye mashine ya Proxmox Backup Server iliyo jengo lingine, na kila mwezi narudisha faili moja nililolichagua ovyo kuona kama kweli linafunguka.

Kama una seva moja au mbili, usiende huku. Chukua seva moja nzuri yenye ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili ndani ya seva moja, na ya pili ya kupokea nakala, utalala vizuri zaidi. Seva tatu zinafanya kazi, lakini moja ikifa hakuna pa kutengenezea nakala ya tatu. Anzia nne. Na awepo mtu wa kuisoma, si wa kuiwasha tu. Mimi nilijifunza kwa miezi miwili kwenye seva tatu chakavu kabla ya kuhamisha faili hata moja la mteja, nikizichomoa waya kwa makusudi, nikivuta diski zikiwa zinaandika, nikiandika daftarini kila kilichotokea. Daftari hilo sasa analo kijana ninayemfundisha. Mwezi uliopita alibadilisha diski iliyokufa peke yake mimi nikiwa msibani Mafia, akanitumia picha ya ukurasa wenye neno HEALTH_OK, yaani ghala zima lina afya.

Madabodi ya ile seva ya tatu ilipatikana kwa shilingi 420,000. Iko mezani sasa, imefungwa, betri mpya, RAM imepimwa usiku kucha bila kosa. Jumamosi zamu ya mchana ikitoka tunaipandisha kabatini kama seva ya tano, na hesabu yangu ya TB 20 inabidi niichore upya kwenye karatasi ya Mzee.